Kisanduku cha Kumi na Nne

Mipaini ya Mafinga imevaa ukungu hadi kiunoni,
karakana ya chuo inanuka gundi na chai ya tangawizi.
Mimi, Editha Chengula, mtathmini,
nina tepu, skwea, kalamu mbili,
na kishikwambi chenye fomu ya kurasa tisa.

Mtahiniwa wa kwanza: Ditriki Kihwele.
Umri: hamsini na nane.
Vidole: tisa.
(Fomu haikuuliza vidole. Nimeviandika humu tu.)

Ndiye aliyenionyesha, nikiwa na miaka kumi na mmoja,
kwamba ubao una njia yake kama manyoya ya paka:
ukiupapasa kinyume, utakuuma.
Leo amesimama mbele yangu, kofia mkononi,
ananiita Madamu.

Anataka cheti, na si kwa ufahari.
Halmashauri imetangaza madawati mia nne
na tangazo linasema: mafundi wanaotambuliwa.
Madawati ya zamani, yale ambayo hayajalegea,
ni yake.

Namweleza habari za ngazi. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Anacheka kwa pua.
"Ngazi naziunda, Madamu. Sijapata kuona
mtu akilipishwa ili aambiwe
amesimama kidato cha ngapi."

Kisha anauliza habari za Ulaya
kama anayeuliza bei ya mbolea.
Mwanawe Vitalis ni muuguzi; yuko Ujerumani, anangoja.
Cheti chake kimepita ofisi tatu,
kimetafsiriwa, kimegongwa, kimerudishwa, kimegongwa tena.
"Kimetembea kuliko yeye. Yeye bado anafagia wodi."
Namwambia huko nako wanakaguana:
kozi ina mkaguzi, chuo kina mkaguzi,
na mkaguzi naye ana wa kumkagua, ndiyo ithibati.
"Na yule wa mwisho kabisa?"
Najifanya nakunja tepu.

Anaunga. Mkia wa njiwa, bila msumari.
Fomu inampa dakika tisini; anatumia arobaini,
tano kati ya hizo akinoa patasi ya chuo
na kuisikitikia.
Napenyeza karatasi kwenye kiungo: haipiti.
Nang'oa unywele wangu, napenyeza: haupiti.
Naandika: *Amemudu.*

Nje, lori la magogo limesimama kizuizini.
Ofisa wa misitu ameshuka na nyundo yake ya alama,
anagonga kitako cha kila gogo.
Ko. Ko. Ko.
Gogo lisilogongwa ni la wizi,
hata kama ulilipanda mwenyewe,
ukalipalilia, ukalilinda na moto miaka kumi na minane.

Tumebakiza kisanduku cha kumi na nne.
*Mahali ulipojifunzia. Namba ya usajili.*
"Uani kwa baba, Ifwagi."
"Namba?"
Ananitazama kwa huruma, kama nimeuliza
kabila la mvua.
Baba yake hakuwa na namba. Alikuwa na msumeno mmoja
na kikohozi.

Karatasi ingekubali pengo.
Kishikwambi hakikubali: kinawaka nyekundu,
kinagoma kama punda aliyeona maji.
Najaribu nukta. Najaribu sifuri. Nyekundu.

Ditriki anakuna kisiki cha kidole.
"Weka elfu moja mia tisa themanini na moja.
Mwaka alionishikisha randa."
Najaza.
Kinakubali.

Anavaa kofia. Hasemi asante.
Mlangoni anageuka:
"Hiyo meza yako, mguu wa kushoto umelegea.
Nitaleta kabari."

Ameshapotea kwenye ukungu ndipo ninapoinama.
Natikisa mguu: imara kama mzizi.
Lakini kwa chini, kwenye tumbo la ubao,
mahali ambapo hakuna fomu inayokuagiza uchungulie,
vidole vyangu vinakuta alama tatu za patasi,
zile alizokuwa akitia enzi zile
kwenye kitu kilichomridhisha,
na kwenye kingine chochote, hapana.